Vumbi la barabara ya Oodnadatta

Dada yangu alifundisha jiografia katika shule za sekondari mkoani Morogoro hadi alipostaafu, na katika miaka yote hiyo aliwachorea wanafunzi wake mchoro uleule ubaoni: tabaka la mwamba unaopitisha maji limebanwa katikati ya matabaka mawili yasiyopitisha, mvua inaingia upande ulioinuka, kisha maji yanapanda yenyewe juu ya ardhi mbali sana na pale yalipoingilia. Mfano aliokuwa akiutoa ulikuwa wa Australia. Ndiyo maana alipokuja kunitembelea Adelaide mwezi wa Julai mwaka 2014 hakuulizia fukwe wala maduka. Alitaka nimpeleke kwenye chemchemi za Great Artesian Basin, hifadhi ya maji ya chini ya ardhi yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, pale ambapo maji hayo yanachomoza pembezoni mwa jangwa. Njia ya kufika huko ni Oodnadatta Track, barabara ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita zipatazo 620 kutoka Marree hadi Marla. Na dada ana pumu tangu utotoni.

Kwa sababu hiyo vumbi halikuwa kwetu suala la nguo kuchafuka. Kabla ya kuondoka niliongea na daktari wake kwa simu, nikahakikisha tuna inhela mbili badala ya moja, kisha nikakodi gari kubwa la 4x4 lenye mlango mmoja mpana nyuma. Lilikuwa la miaka mingi, lakini injini ilikuwa nzima, matairi mapya na chujio la hewa la injini lilikuwa limebadilishwa wiki ileile. Mwenye gari alinihakikishia kwamba limekwisha kupita jangwani mara nyingi bila tatizo.

Lami ilituacha Lyndhurst, kabla hatujafika Marree. Tukafanya kama wanavyofanya watu wengi: tulipandisha vioo vyote hadi juu, tukazima feni na kuifunga njia ya hewa ya nje, kwa kuamini kwamba gari lisilo na tundu lililo wazi haliwezi kuingiza kitu. Kilomita thelathini hazijaisha nikasikia dada anakohoa, akajifunika pua kwa ncha ya khanga. Mwanga wa jua ulipoingia kwa upande niliona hewa ya ndani ya gari imejaa chembe nyekundu. Udongo wa huko una oksidi nyingi ya chuma, ndiyo maana ni mwekundu hivyo, na umesagwa na magari ukawa laini kama unga wa muhogo, kiasi kwamba ukiushika vidoleni huhisi punje yoyote.

Tuliposimama Marree nilifungua mlango wa nyuma. Mabegi, sanduku la vyakula, majagi ya maji, kila kitu kilikuwa kimefunikwa. Dada alishuka, akavuta dawa yake, akapumzika kivulini, kisha akarudi kulichunguza gari taratibu kwa jicho la mtu aliyezoea kusahihisha madaftari. Alipitisha kidole kwenye dashibodi, akakiangalia. Akapitisha kidole kwenye siti ya nyuma, halafu kwenye kifuniko cha sanduku la vyakula lililokuwa buti.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “mbele hapa ni pasafi. Vumbi linazidi kadiri unavyorudi nyuma. Hili haliingii kwa mbele tunakoelekea, linatufuata.”

Alikuwa ameona kweli, ingawa wakati ule hakuna kati yetu aliyejua sababu. Tuliendelea polepole, tukasimama kwenye mwinuko unaotazama sehemu ya kusini ya Kati Thanda, ziwa la chumvi ambalo sakafu yake iko mita zipatazo 15 chini ya usawa wa bahari mahali pa chini kabisa. Dada hakukaa nje muda mrefu kama alivyotaka, kwa sababu kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Jambo hilo liliniuma sana. Mtu ametoka Morogoro hadi pale, na anashindwa kulitazama ziwa kwa sababu, kama tulivyokuja kugundua baadaye, ya mpira wa mlango.

Jioni tulifika Coward Springs, kambi iliyo kando ya njia ya zamani ya reli, yenye mitende mikongwe na kidimbwi cha maji ya uvuguvugu yanayotoka chini ya ardhi. Jirani yetu kambini alikuwa mama mmoja mzee aliyeishi maisha yake yote kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe ya eneo lile. Alimsikia dada akikohoa, akaja na birika la chai bila kuitwa. Dada alimwita “mama” tangu neno la kwanza, na mama yule alilipenda jina hilo.

Alitueleza jambo ambalo naona kila mwenye gari kwenye barabara za vumbi angepaswa kulijua. Gari linapokwenda kasi linaipasua hewa mbele na kuisukuma pembeni, na hewa hiyo haiwahi kujaza nafasi iliyo nyuma ya gari kwa haraka inayotakiwa. Kwa hiyo nyuma ya mlango wa buti panabaki mgandamizo mdogo wa hewa, na vumbi linalorushwa na magurudumu linajikusanya hapohapo. Ndani ya gari nako, ikiwa hewa ya nje imefungwa, mgandamizo unashuka, maana upepo unaopita kasi juu ya vioo na milango unanyonya hewa ya ndani kupitia kila ufa. Ile inayotoka lazima ifidiwe na nyingine, na nyepesi kuingia ni ya nyuma yenye vumbi. Kufungua kioo cha mbele kidogo ili kupata hewa, kama madereva wengi wanavyopenda, kunazidisha unyonyaji huo. Kufungua kioo cha nyuma ni vibaya zaidi, kwa kuwa pamoja na vumbi kunaingiza moshi wa ekzosi.

Dawa ya vumbi hilo ina sehemu mbili, akasema mama yule: kwanza ziba unapoweza, pili jaza gari hewa kutoka mbele ili iliyo ndani iwe inatafuta njia ya kutoka muda wote.

Kuziba tulikuanza usiku uleule. Mama yule alinipa tochi yake kubwa, akaniambia niingie nyuma, nijifungie na nimulike pembe zote polepole, wakati dada na yeye wanazunguka nje gizani kutafuta mahali ambapo mwanga unapenya. Kila walipouona dada alibandika kipande cha utepe wa gundi. Nilipotoka nilikuta vipande vitatu. Kimoja kilikuwa kwenye pembe ya chini ya mlango wa nyuma, ambapo mpira ulikuwa umelala na kupoteza unene wake. Cha pili kilikuwa chini ya bampa, kwenye tundu lililotobolewa ili kupitisha waya za taa za tela na kuachwa bila kizibo. Cha tatu kilikuwa ubavuni nyuma ya bampa, kwenye tundu la kutolea hewa ya ndani. Tundu hilo liko kwenye magari mengi, na lina vifuniko vyepesi vya mpira vinavyofunguka kwa nje tu. Kifuniko kimoja kilikuwa kimekauka na kujikunja, kwa hiyo kikawa mlango wa vumbi.

Asubuhi nilitengeneza huku mama akinielekeza. Tundu la waya nililijaza sponji na kulifunika kwa utepe mpana. Kile kifuniko kilichojikunja nilikigandisha kwa utepe kifunge kabisa, nikaviacha vingine vifanye kazi, kwa sababu hewa inahitaji pa kutokea. Mpira wa mlango niliufuta kwa kitambaa chenye maji hadi ukawa mweusi tena, maana chembe zilizonasa juu yake zinauzuia kukaa sawasawa, kisha nikaupaka silikoni kidogo. Mama alinikataza grisi na mafuta ya injini, kwa kuwa vumbi linaganda juu yake na kuwa kama msasa unaoula mpira. Mwisho nililegeza skrubu za chuma kinachopokea kitasa cha mlango wa nyuma, nikakisogeza ndani milimita chache, nikakaza. Kabla ya hapo ukibana kipande cha karatasi mlangoni kilichomoka kwa kuvutwa na vidole viwili, sasa kilichanika.

Tulipoondoka nilifungua njia ya hewa ya nje, nikaweka feni kwenye namba ya tatu, na vioo vyote vikabaki juu. Ilikuwa Julai, kipindi cha baridi huko, kwa hiyo joto halikutusumbua. Wakati wa kiangazi mtu anawasha kiyoyozi bila kugusa kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, na anavumilia ubaridi kupungua kidogo. Dada alikaa siti ya nyuma kwa makusudi, ameshika kipande cha karatasi laini karibu na mlango, akinitangazia inakopepea.

Chemchemi alizozifuata ziko kilomita chache tu kutoka kambini, katika hifadhi ya Wabma Kadarbu, kwenye nchi ya watu wa Arabana, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kwenye ile iitwayo The Bubbler maji yanasukuma mchanga kutoka chini, unainuka na kuzunguka bila kutulia. Dada alisimama pale akanieleza somo lake lote kwa sauti ya darasani, bila kukohoa, kisha akasema kwamba tundu la chemchemi lingekuwa limefukiwa zamani kama maji yasingekuwa yanasukuma kwa nje muda wote. Akageuka akaliangalia gari.

Baada ya hapo safari ilikuwa ya kazi ndogondogo. Gari lilipotokea mbele nilipunguza mwendo na kujibana kushoto. Lilipotupita la kwenda kasi nilisimama hadi wingu lipeperuke, badala ya kulifuata. Wapo wanaofunga hewa ya nje kila wanapopishana na gari. Mimi naona ni heri kuiacha wazi ukiwa kwenye mwendo, kwa sababu sekunde zile chache za kufunga zinarudisha unyonyaji wa nyuma, na vumbi linaloingia kwa mbele linapitia chujio la hewa ya ndani. Chujio hilo nililitoa na kulikung'uta kila jioni. Mpira wa mlango wa nyuma niliufuta kila tulipofungua, hata kama ni kwa kutoa chupa moja ya maji.

Tulipofika mji mdogo wa Oodnadatta, dada alifungua begi lake mbele yangu, akatoa kitenge cheupe alichokuwa amekifungasha juu kabisa kwa ajili ya kupima, akakikung'uta. Kulikuwa na vumbi kidogo kwenye mkunjo mmoja. Inhela ya pili haikufunguliwa hadi tuliporudi Adelaide.

Siku ya kurudisha gari dada alisisitiza kwenda nami. Alikuwa ameandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wake wa ubaoni, sehemu zote tatu zilizovuja na namna tulivyoziziba, na akamwomba mwenye gari aweke kizibo cha mpira kwenye tundu la waya na abadilishe mpira wa mlango wa nyuma kabla ya kumpa mteja mwingine. Mwenye gari aliisoma, akazunguka nyuma, akainama chini ya bampa kuangalia. Kisha akamwita fundi wake.