Kutoka kwenye bati mpaka kwenye msingi

Paa la nyumba ya mama yangu, Ujiji, mkoani Kigoma, liliondoka alasiri moja ya Oktoba, miaka minne iliyopita, na kilichonishangaza si kuondoka kwake bali kwamba liliondoka zima. Tulilikuta limeegemea mwembe wa jirani, mabati yakiwa yameshikilia papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), papi zimeshikilia kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), na kofia, bati linalofunika kilele, ipo mahali pake. Misumari ya bati iliyong'oka haikufika kumi. Fundi aliyeezeka alikuwa ameliunganisha paa na paa kwa ustadi mkubwa. Alichokisahau ni kuliunganisha na nyumba.

Mtaani walisema ni kimbunga. Kwetu neno hilo hubeba kila upepo unaovunja kitu, lakini kimbunga chenyewe, kile kinachozaliwa baharini na kutembea kwa siku kadhaa, hakifiki Kigoma, kwa sababu kikishaingia nchi kavu hukosa maji ya uvuguvugu yanayokilisha, kikafifia. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu karibu na Mafia mwezi Mei 2024 tulikisikia redioni tu. Kinachotuezua sisi ni upepo wa mawingu ya radi. Mwishoni mwa kiangazi, joto likiwa limekusanyika kwa wiki nyingi, wingu hupanda juu sana, kisha hewa iliyopozwa na mvua ndani yake huporomoka, hufika chini na kutawanyika pande zote kwa nguvu. Mkazi wa Gungu au Kibirizi anaijua ile baridi ya ghafla inayotangulia tone la kwanza. Hudumu dakika chache, na kwa paa lisilofungwa dakika hizo ni nyingi.

Baada ya tukio lile nilianza kusoma jinsi wenzetu wenye vimbunga vya kweli wanavyokagua nyumba zao. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida, Marekani, na zaidi ya nyumba 25,000 ziliharibika kabisa. Waliochunguza mabaki walikuta mambo ambayo fundi yeyote wa hapa Mwanga, mjini Kigoma, angeyatambua mara moja: misumari na pini zilizopigwa zikakosa mbao iliyokusudiwa na kubaki zikining'inia darini, na kuta za pembetatu za nyumba za mgongo wa tembo zilizoanguka kwa kukosa mhimili wa kuziegemeza. Jimbo liliandika upya kanuni zake za ujenzi, zikaanza kutumika mwaka 2002, na leo mwenye nyumba huko anaweza kumwita mkaguzi akajaza fomu maalumu ya uimara dhidi ya upepo, pamoja na picha, ambayo kampuni ya bima hutakiwa kisheria kuizingatia kwa kupunguza malipo ya nyumba iliyofungwa vizuri.

Fomu hiyo haina habari na uzuri wa nyumba. Inauliza paa limefunikwa kwa kitu gani, mbao za chini yake zimepigiliwa misumari ya urefu gani na kwa nafasi gani, paa lina umbo gani, milango na madirisha yamekingwaje, na kenchi zimeshikwaje ukutani. Kwenye hilo la kenchi kuna madaraja: la chini kabisa ni msumari wa mshazari, yaani uliopigwa kwa kuinamishwa kupitia ubavu wa kenchi, linafuata la kibanio cha chuma, kisha utepe wa chuma unaopita juu ya kenchi na kupigiliwa pande zote mbili, kisha tepe mbili. Sehemu iliyonigusa ni kwamba mkaguzi haandiki kiungo kilicho kizuri wala cha wastani. Anaandika kilicho dhaifu kuliko vyote. Akikuta kenchi ishirini zina utepe na moja ina msumari wa mshazari, nyumba ile ni ya msumari wa mshazari.

Sisi hatuna fomu hiyo, na bima ya nyumba ni msamiati wa watu wachache, lakini swali lake linaweza kuulizwa kwa ngazi, tochi, nyundo na kipande cha chaki. Ndiyo kazi ninayoifanya siku hizi Jumamosi, kwa majirani, kabla mvua hazijaanza. Wiki iliyopita nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi tu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuuliza habari za mama, alinitazama nikisimamisha ngazi.

"Mwanangu, unakagua nini na paa bado lipo?"

Nikamwambia kwamba likishaondoka hapatakuwa na la kukagua. Alicheka, akaenda kuweka chai jikoni.

Ukaguzi huanzia nje, kwenye mabati. Ya Bibi ni geji 30, nayo si mabaya, ingawa ningependelea geji 28, ambayo ni nene zaidi (wengi hudhani namba ikipanda unene nao unapanda, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwasahihisha). Misumari ilikuwa imepigwa juu ya migongo ya bati, kama inavyotakiwa, si mabondeni ambako maji hupita na kuozesha papi. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio. Mafundi wetu hupenda nafasi iliyo sawa juu ya paa lote kwa sababu inapendeza macho, ilhali upepo haulivuti paa sawasawa: hulivuta zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na kwenye kofia, ambako hewa hulazimika kujipinda. Huko misumari inapaswa kukaribiana mara mbili ya ilivyo katikati. Kwenye kona ya mashariki ya nyumba ya Bibi niliweza kuinua bati kwa vidole viwili.

Upenu wa mbele ulinitia wasiwasi zaidi. Paa la baraza lilikuwa mwendelezo wa paa kubwa, mabati yaleyale yakishuka mpaka kwenye nguzo mbili za mti zilizosimama juu ya sakafu bila kufungwa popote. Hapo upepo husukuma kutoka chini huku ukivuta kutoka juu, na baraza likianza kunyanyuka hulichukua paa la nyumba pamoja nalo, kama mtu anayebandua gamba. Baraza lingeezekwa peke yake, chini kidogo ya paa kubwa, lingeweza kuondoka peke yake.

Kisha nikaingia darini. Wanaotaka kukagua wenyewe wasiruke hatua hii kwa sababu ya joto na vumbi, maana yanayoonekana nje ni robo tu ya habari. Nilianza na mchwa, ambao Kigoma wanashinda upepo kwa subira: kila mbao niliigonga kwa mpini wa nyundo, na ile iliyolia kama debe tupu niliitia chaki. Zilikuwa papi mbili na ncha ya kenchi moja. Nyingine zilikuwa zimepakwa oili chafu na ziliendelea vizuri.

Kenchi ni tisa, kwa hiyo kuna ncha kumi na nane zinazokaa ukutani, na nilizipitia zote. Kumi na moja zilikuwa na msumari mmoja wa mshazari wa inchi nne ulioingia kwenye mbao iliyolazwa juu ya ukuta. Nne zilikuwa na misumari miwili. Tatu hazikuwa na kitu chochote. Zilikaa kwa uzito wake. Kisha nikatazama ile mbao iliyolazwa, ambayo ndiyo siri ya nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zilizojengwa kwa udongo: haikuwa imefungwa ukutani hata kidogo. Ingawa kila ncha ingekuwa na misumari kumi, paa lingepaa na mbao yake, kama la mama.

Nilikaa barazani na kumfanyia Bibi hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Shinikizo la upepo hukua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 54 kwa saa husukuma kwa takriban kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 108, ni kilo 56. Bati la geji 30 lina uzito usiofika kilo 3 kwa mita hiyo, na hata tukijumlisha papi na kenchi, paa zima la namna yetu huwa na kilo 15 hivi. Nyumba ya Bibi ina upana wa mita 8, kwa hiyo kila mita ya ukuta mrefu hubeba, pamoja na upenu, mita 4.6 za mraba za paa. Tukichukulia kwamba mvuto wa juu ni sawa na shinikizo lile, ukiondoa uzito wa paa, kila mita ya ukuta huvutwa juu kwa takriban kilo 190, na kwenye kingo huzidi.

Ni kitu gani kitakachozishika kilo hizo? Udongo kati ya matofali haushiki chochote kinapovutwa, kwa hiyo kilichobaki ni uzito wa ukuta wenyewe. Ukuta wa matofali wenye unene wa sentimita 20 una takriban kilo 340 kwa mita ya mraba. Ukifunga kenchi kwenye kozi mbili za juu, yaani mistari miwili ya matofali, paa litapaa na kozi hizo mbili. Ukishuka mita nzima kabla ya kutoboa ukuta, umeshika zaidi ya kinachohitajika, na akiba inabaki. Kwa nyumba mpya jambo hili ni jepesi: unaacha ncha za nondo zikitokeza juu ya lenta wakati zege bado bichi, ukazikunja juu ya kenchi. Kwa nyumba iliyosimama, tunatoboa tundu mita moja chini ya kenchi, tunapitisha waya wa milimita 4 uliokunjwa mara mbili, tunauwekea kipande cha nondo upande wa nje ili usikate tofali, kisha tunauzungusha juu ya kenchi na kuukaza. Kwa ncha kumi na nane zinahitajika kilo tisa hivi za waya.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kuhusu mawe. Juu ya paa lake kuna mawe sita na tairi moja, yaliyowekwa na marehemu mume wake. Nilijitahidi kuwa na adabu. Jiwe la kilo kumi hukalia eneo dogo ambalo upepo wa ngurumo unaweza kulivuta kwa kilo hamsini, na likitoka juu huko halichagui linapotua. Aliniruhusu kuteremsha mawe. Tairi alisema libaki.

Madirisha hayakunichukua muda. Yana mbao imara zinazofungwa kwa komeo, na nilimwomba tu azifunge upande unaotokea upepo mara aisikiapo ile baridi, kwa sababu dirisha likifunguka upande huo hewa hujaa ndani na kulisukuma paa kwa chini, wakati uleule linapovutwa kwa juu.

Jumatano na Alhamisi, mimi na kijana wa seremala tulibadilisha papi mbili, tukaunga ncha iliyoliwa na mchwa, tukaongeza misumari yenye raba kwenye kingo zote, tukazikata mbao za baraza ili zisishikamane na paa kubwa, na tukafunga nyaya kumi na sita. Ncha mbili za upande wa jikoni bado. Ukuta wa pale umepasuka kuanzia kwenye kona ya dirisha hadi juu, na kutoboa tundu kwenye ukuta wa namna hiyo ni kuongeza ufa, kwa hiyo ni lazima kwanza tubomoe kozi tano na kuzijenga upya kwa saruji. Kwa lugha ya ile fomu ya Florida, nyumba ya Bibi bado ni nyumba ya msumari wa mshazari. Saruji imeahidiwa na mwanawe aliyeko Kasulu, na jana jioni wingu la kwanza lilisimama juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa.