Alfajiri ya uongo, Bagamoyo leo

Saa 10:40, mashariki juu ya bahari: weupe hafifu, mpana chini, mwembamba juu, umesimama karibu wima.

Si wingu, wala si taa za Unguja. Ni vumbi lililo kati ya sayari, linaakisi jua ambalo bado liko chini.

Mwezi uwe umetua. Macho yapewe giza dakika 20 hadi 30, ukiwasha simu tu, unaanza upya (na atatokea mtu wa kuiwasha!). Usiukazie macho, tazama kando yake kidogo. Pembeni mwa jicho ndiko kunakonasa mwanga hafifu.

Weupe ukianza kutanda kushoto na kulia, hiyo ni alfajiri ya kweli. Umechelewa.

Wa Pangani na Tanga mjini, huko mmeuona?