Kumjibu asiyeamini Mungu baada ya msiba

Meli ya abiria MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika bandari ya Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kikapinduka Septemba 20, 2018, kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kwenye mwambao huu wa Ziwa Victoria swali la kama Mungu yupo halianzii darasani. Linaanzia chini ya turubai la msiba, na kijana anayesema "hakuna Mungu" mara nyingi ndiyo kwanza ametoka kuzika.

Ukimwendea, usianze na hoja. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipofungua vinywa kumtafutia kosa. Kwetu uharibifu huo huja kwa sentensi kama "imani yake ilikuwa ndogo". Au mtu aliahidiwa uponyaji kwa chupa ya mafuta ya upako, akauza mbuzi akatoa sadaka, na mgonjwa akafa. Huyo hahesabu kwamba amedanganywa na mtu. Anahesabu kwamba amedanganywa na Mungu, na nadhani ukanamungu wa vijana wetu wengi umezaliwa hapo, si kwenye vitabu vya falsafa. Kabla ya kumtetea Mungu, kanusha ahadi hiyo waziwazi, maana Biblia haikuitoa. Paulo mwenyewe alivunjikiwa na jahazi mara 3 (2 Wakorintho 11:25).

Kisha mpe maneno ya kulalamika. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu: aya 2 za kwanza zinauliza "hata lini" mara 4, mbili zinazofuata zinaomba, na mbili za mwisho zinatumaini. Wengi hukosea kwa kumkimbiza afike aya ya 5 siku hiyo hiyo. Mwache abaki kwenye "hata lini" hata miezi. Kama hata hapo hapawezi, kuna Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja. Na hiyo pia ni sala.

Hoja zinakuja baadaye, yeye mwenyewe akiuliza. Usimwambie kwamba asiyeamini hana maadili. Si kweli, naye anawajua wasioamini wema kuliko baadhi ya wazee wa kanisa. Tofauti iko kwenye mwisho wa mambo. Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1903 kwamba makao ya roho ya mwanadamu hayana budi kujengwa juu ya msingi wa kukata tamaa kusikoyumba, kwa kuwa kazi zote za wanadamu zitazikwa pamoja na ulimwengu. Namheshimu kwa kutokwepa. Kama dunia hii ndiyo yote, aliyezama amepotea moja kwa moja, na aliyeua watu kisha akafa usingizini hatahukumiwa kamwe. Mkristo anakataa yote mawili.

Hapo kijana mwenye akili atakujibu kwamba jambo kufariji hakulifanyi kuwa kweli. Mkubalie, maana Paulo amekwisha kukubali: Kristo kama hakufufuka, imani yetu ni bure (1 Wakorintho 15:14). Waraka huo uliandikwa karibu na mwaka 55, na katika aya ya 3 Paulo anasema anayoyaandika aliyapokea. Kisha anawataja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo. Hata Gerd Lüdemann, msomi wa Ujerumani ambaye hakuamini ufufuo, aliona kwamba mapokeo hayo ni ya miaka 2 hivi ya kwanza baada ya kusulubiwa. Yeye alieleza kwamba walichokiona mashahidi hao kilikuwa maono ya akilini. Mweleze kijana hilo pia, usilifiche. Akija kuligundua mwenyewe hatakuamini tena.

Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho, na wavuvi wa mwaloni Kirumba, Mwanza, hawahitaji kufafanuliwa: nanga iliyobaki ndani ya mtumbwi haizuii kitu, hata iwe nzito namna gani. Moyo wa kujitia nguvu ni nanga iliyo ndani ya mtumbwi. Tumaini la Kikristo linashika nje yetu, kwa mtu aliyekufa akafufuka.

Akikubali kusoma, someni Injili ya Marko, sura 16, moja kwa siku, watu wawili tu. Sura ya 4 ina dhoruba ziwani na wanafunzi wanaolia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Atauliza kwa nini yetu haikutulizwa. Usitunge sababu. Mwambie hujui, kisha mwendelee hadi 15:34, ambapo Yesu mwenyewe anamlilia Mungu mbona amemwacha. Imani inayoweka kilio hicho mdomoni mwa Mwana wa Mungu haitamkemea mfiwa anayelia vivyo hivyo.

Akikataa kusoma, usikate mguu. Arobaini ikishapita wageni hutawanyika, na madeni ya msiba na ada za watoto hubaki na mwenye nyumba. Nenda na sukari na sabuni, uliza deni limebaki kiasi gani, na kama jumuiya yenu inaweza, lichangieni bila kumdai aje ibadani.