Lugha ya Askari Katika Magazeti ya Marekani Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia

Gazeti la Yank, ambalo Jeshi la Marekani lilianza kulitoa mwezi Juni 1942 na kuliuza kwa senti 5, liliandikwa na askari wa vyeo vya chini kwa ajili ya askari wenzao, na ndiyo maana lugha yake haikufanana hata kidogo na ya matangazo ya serikali. Ndani yake watu walizungumza kama walivyozungumza kwenye foleni ya chakula: walikatisha maneno, walinung'unikia masajenti, na walijiita GI, jina ambalo mchoraji Dave Breger alilieneza kwa katuni yake ya G.I. Joe. Ninayaheshimu sana magazeti ya namna hiyo, kwa sababu mhariri aliyeuacha msemo wa askari ubaki ulivyo aliufungulia mlango ukweli wa askari huyo pia, apende asipende.

Mwandishi wa habari za vita Ernie Pyle alilielewa jambo hili kuliko wengi. Katika makala yake ya Januari 1944 kuhusu kifo cha Kapteni Henry Waskow huko Italia, askari wanausogelea mwili mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anatamka laana na kuondoka, wa pili anairudia kwa ukali zaidi, na mwingine anamwambia marehemu kwa upole kwamba anasikitika, huku akimwita kwa neno lile lile la heshima ambalo ofisa huitwa akiwa hai. Pyle hakuwatungia hotuba. Gazeti la Washington Daily News liliipa makala hiyo ukurasa wake wote wa mbele, nami naamini kwamba sentensi zilizopambwa zisingestahili nafasi hiyo.

Bila shaka si kila neno la kambini lilipita. Snafu, kifupisho cha askari cha kusema kwamba mambo yamevurugika kama kawaida, kina tusi ndani yake, na kilipofafanuliwa katika magazeti ya raia tusi hilo liliwekewa neno la adabu.

Lakini barua ninayoirudia mara nyingi haina tusi lolote. Tarehe 28 Aprili 1944, Yank lilichapisha barua ya Koplo Rupert Trimmingham, askari mweusi, aliyeeleza kwa maneno ya kawaida kabisa jinsi yeye na wenzake walivyonyimwa huduma katika mji mmoja wa Louisiana, wakaelekezwa jikoni kwenye mkahawa wa kituo cha reli, ilhali wafungwa wa Kijerumani waliketi mezani ndani, wakala na kuvuta sigara. Aliuliza askari mweusi anapigania nini. Baadaye aliandika kwamba amepokea barua 287, na kwamba 183 kati ya hizo zilitoka kwa wazungu waliokuwa jeshini. Swali kama hilo lisingeweza kutoka katika ofisi ya propaganda.

Sisi wa Nairobi tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Wanajeshi wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma, kisha wakarudi katika mji uliowadai kipande, kitambulisho cha lazima cha kikoloni. Kambini walikuwa na Kiswahili chao, Kikeya, chenye ufupi na ukali wake. Hata hivyo, magazeti waliyoandaliwa, likiwemo lile lililoitwa Askari, yalikuwa chini ya usimamizi wa maofisa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kuweka kipimo cha Kiswahili kilichostahili kuchapishwa. Sikipingi Kiswahili sanifu, ambacho ndicho ninachokiandikia hapa. Ninachosikitikia ni kwamba tulirithi kumbukumbu nyingi za vita vile kwa sauti ya msimamizi na chache mno kwa sauti ya koplo.

Kwa hiyo, iwapo babu yako aliacha barua kutoka Burma, tafadhali zihifadhi, na utakapozinakili usisahihishe tahajia wala kuyaondoa maneno ya kambini. Andika pembeni maana ya yale unayoyafahamu, na uwaulize wazee juu ya yaliyobaki wangali hai.