Bili ya Machi, na databesi iliyozeeka tukiiangalia

Madam wetu wa akaunti ndo aliigundua, sio mimi wala mtu yeyote wa timu ya ufundi. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2024, nimefika ofisini hapo Ntinda nimeloa mvua, kabla hata sijaweka begi chini akaniita, "Mdogo wangu, hebu kuja uone, hii laini ni ya nini? Mwezi wa pili haikuwepo." Yeye ni mtu wa Arua, mimi nimezaliwa Busia pale mpakani, kwa hiyo ofisi nzima sisi wawili ndo tunaongea Kiswahili, wengine ni Kiluganda na Kingereza, na mambo ya pesa huwa ananiuliza kwa Kiswahili ili tuelewane vizuri. Bili ya wingu, yani ya kompyuta tunazokodi kwa mtandao, anaisoma laini kwa laini toka siku ya kwanza, anaiprinti, anapitisha rula, na kila laini anajua ni ya kazi gani ijapokuwa yeye si mtu wa kompyuta. Hii mpya ilikuwa saporti ya ziada ya MySQL 5.7, databesi yetu. Dola mia na arobaini na kitu, ukigeuza ni zaidi ya shilingi 550,000 za kwetu, na itakuja hivyo kila mwezi.

Nilivyoisoma tu nikajua, nikanyamaza.

MySQL 5.7 ilitoka Oktoba 2015 na Oracle wakaifunga Oktoba 2023, maana yake baada ya hapo likigunduliwa tundu la usalama hawakutengenezei pachi, yani kiraka cha kuliziba. Amazon kwenye RDS, huduma yao ya kukodisha databesi, waliishikilia hadi mwisho wa Februari 2024, na kuanzia tarehe 1 Machi ukiwa bado uko 5.7 wanaendelea kukuwekea pachi wenyewe lakini unalipia, bei ya mashine zao za Virginia ni senti 10 za dola kwa kila vCPU (kiini cha prosesa unachokodi) kwa kila saa kwa miaka miwili ya kwanza, mwaka wa tatu inakuwa mara mbili. Piga hesabu mashine ndogo tu ya vCPU 2, mwezi una saa kama 730, hiyo ni dola 146 juu ya bei ya databesi yenyewe. Na walishatangaza mapema, onyo lilikuja kwa barua pepe zaidi ya mara moja, ila lilikuwa linaenda kwenye anwani ya mwenzetu aliyeacha kazi 2022. Kosa ni letu kabisa.

Lakini kilichoniuma kuliko pesa ni tivii. Kwenye ukuta wetu kuna tivii kubwa inaonyesha Grafana, yani grafu za hali ya mashine, siku nzima, na ile databesi ilikuwa kijani. CPU asilimia 20, diski ina nafasi, memori poa, bakapu za usiku zinapita. Miezi yote hiyo toka Oracle wafunge ilikuwa kijani tu, kwa sababu sisi tulikuwa tunaiuliza swali moja, upo? nayo inajibu nipo. Hakuna aliyewahi kuiuliza una miaka mingapi na nani bado anakutunza. Programu iliyoisha saporti haipungui spidi, haitoi kosa, hailii. Siku yake ya mwisho na siku inayofuata kwa mashine ni siku moja, kilichobadilika kiko nje, kuna watu mahali fulani wameacha kuifanyia kazi, na hilo hakuna grafu ya CPU itakayokuonyesha.

Basi tukaanza kuhesabu. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja, ikala wiki mbili na nusu. Tukakuta mashine nne za Ubuntu 18.04, mfumo endeshi (OS) ambao saporti yake ya kawaida iliisha Mei 2023, tukakuta PHP 7.4, lugha ya kuandikia programu, ambayo iliisha Novemba 2022 na ndo hiyo inabeba mfumo wa mikopo wa SACCO tunazozihudumia, kijiprogramu cha Python 3.7 kilichoisha Juni 2023, Node.js 14 iliyoisha Aprili 2023, na kila tukifungua mlango mmoja tunakuta mwingine nyuma yake.

Alafu tukamkuta test-2.

test-2 ilikuwa seva moja ya CentOS 7 (OS nyingine), imewashwa 2019, haina lebo ya mwenyewe, haipo kwenye karatasi yoyote, na jina lake linakwambia ni ya majaribio. Kijana mmoja wa timu akasema tuizime tuone nani atalia. Nikakataa. Nikaingia ndani, nikaangalia inaongea na nani kwenye mtandao, nikaangalia ratiba ya kazi zake, nikakuta kila siku saa moja asubuhi inasoma orodha ya wanachama wa SACCO moja ya wakulima wa kahawa upande wa Elgon na kuwatumia SMS kwamba kesho kutwa marejesho yako yanafika. Miaka mitano! Mtu aliitengeneza haraka kama jaribio, ikafanya kazi, wateja wakaizoea, yeye akaondoka, na hakuna aliyeihamisha. Tungeizima kuna mkulima angekosa ujumbe wake, angechelewa kulipa, angepigwa faini ya mkopo, na sisi Kampala tungekuwa tumekaa tunasubiri "nani atalia", na mtu wa namna hiyo kilio chake hakifiki kwako, kinaishia kwa karani wa SACCO. Ndani yake kulikuwa na majina na namba za simu za watu, na CentOS 7 ilikuwa inafungwa tarehe 30 Juni mwaka huohuo, tumebaki na miezi miwili na kitu.

Bosi aliniuliza swali ambalo najua kila mtu wa kazi hii ameshaulizwa, lakini si inafanya kazi? Ndiyo inafanya kazi. Nikamwelezea habari ya Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo za watu, mwaka 2017. Tundu lilikuwa kwenye Apache Struts, programu ya kutengenezea mifumo ya wavuti, pachi ikatoka Machi, ndani ya kampuni wakatumiana ujumbe kwamba kila mwenye Struts aweke pachi, wakapiga na skani, skani haikuiona ile iliyokuwa kwenye mfumo wao wa malalamiko. Wezi wakakaa humo toka Mei hadi mwisho wa Julai, wakaondoka na taarifa za watu karibu milioni 147. Yani pachi ilikuwepo na agizo la kuiweka lilikuwepo, ila hawakujua kitu kiko wapi. Hiyo ndo test-2 yangu. Na hapa kwetu tuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na ofisi yake iko chini ya NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari ya taifa, ukishika data za watu unatakiwa uzilinde na zikivuja uripoti, sasa nitaripoti nini kuhusu seva ambayo sikujua kama ipo?

Akaelewa. Akatupa muda.

Tulichotengeneza si kitu kikubwa, ni skripti ya Python mistari kama 200 hivi inayoamka saa 12 asubuhi kila siku. Inazunguka kwenye akaunti zote na kwenye maeneo yote ya wingu, hata yale tunayosema hatuyatumii, maana test-2 tuliikuta kwenye eneo ambalo wote tuliapa hatuna kitu huko. Kwenye kila mashine inasoma faili ya /etc/os-release inayotaja OS na toleo lake, kwa databesi inaiuliza API (mlango wa programu kuulizana) ya mwenye wingu kila moja iko toleo gani, kwa Kubernetes, ule mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine, inauliza klasta, yani kundi lenyewe. Alafu inalinganisha na tarehe za endoflife.date, ile saiti ya watu wa kujitolea wanaokusanya tarehe za mwisho za mamia ya programu na unaweza kuzivuta kwa JSON, muundo ambao skripti inausoma, bure kabisa. Inatoa namba moja tu kwa kila kitu, siku zilizobaki. Hiyo namba ndo inaenda kwenye tivii pamoja na CPU na diski. Kitu ambacho skripti haikitambui hakiachwi, kinaingia na alama nyekundu ya "sijulikani", kwa sababu kisichojulikana ndo kinachoniogopesha zaidi siku hizi.

Kuna mahali pa kujikwaa ambapo sisi tulijikwaa. Namba ya toleo peke yake inaweza kukudanganya. Ubuntu 20.04 ilikuja na OpenSSL 1.1.1f, programu ya kuficha mawasiliano ya mtandao, na wenye OpenSSL walifunga 1.1.1 Septemba 2023, ukiangalia namba tu utasema hii imekufa, kumbe Ubuntu waliendelea kuipachika wenyewe bila kubadilisha namba hadi Mei 2025. Kwa hiyo kwa vitu vilivyokuja na OS tunaangalia tarehe ya OS, sio ya kila paketi, la sivyo utapata alati (tahadhari) mia tatu za bure na wiki ya pili watu hawazisomi tena. Kingine ni kontena, yani boksi la programu linalobeba OS yake ndani. Mashine ya nje ni mpya inang'aa, ndani ya kontena umejificha Debian 10 ambayo hata saporti yake ndefu iliisha Juni 2024. Skripti ya kusoma mashine haiwezi kuona hapo, inabidi upige skani ya imeji zenyewe, yani faili ambazo kontena inatengenezwa kutoka kwazo, sisi tunatumia Trivy na yenyewe inakwambia wazi OS hii haina saporti tena. Kwa wenye Kubernetes kule EKS, Kubernetes ya Amazon, toleo moja linapewa miezi 14 ya kawaida, ukipitiliza bei ya klasta inaruka toka senti 10 kwa saa hadi senti 60, hiyo ni toka dola 73 hadi 438 kwa mwezi kwa klasta moja. Kwa ofisi ndogo kama yetu huo ni mshahara wa mtu.

Alati za mwanzo tulizituma kwenye grupu la WhatsApp la timu, ikawa kila mtu anaona na hakuna mtu anafanya. Sasa kila kitu kina jina la mtu. Zikibaki siku 180 yule mtu anaandikiwa kazi, zikibaki 90 kopi ya majaribio lazima iwe imesimama, zikibaki 30 ujumbe unaenda kwa bosi na kwa madam wa akaunti, na huyo wa pili ndo watu wanamuogopa.

Watu wananiuliza kwa nini 180, mbona mapema hivyo. Ni kwa sababu ya shule. SACCO zina misimu yake, shule zikikaribia kufungua mwanzo wa mwaka, katikati, na Septemba, wazazi wanamiminika kuchukua mkopo wa ada, na Desemba kila mtu anataka akiba yake ya sikukuu, huko huwezi kugusa databesi hata kwa dakika tano. Ukitoa hizo wiki zote, na wiki za mikutano mikuu, nafasi za kufanya kazi kwa mwaka mzima ni chache sana, na kalenda ya Oracle haijui ada ya shule ya Uganda. Ukianza siku 30 kabla unaweza kukuta zote 30 ziko ndani ya msimu.

Yale mengine tuliyamaliza kidogo kidogo. Zile nne za Ubuntu 18.04 tulizinunulia muda kwa Ubuntu Pro, mpango wa saporti ya ziada wa wenye Ubuntu, ni bure hadi mashine 5 na inaongeza saporti hadi miaka 10, alafu tukazihamisha taratibu. SMS za wakulima zikahamia mahali penye jina na mwenyewe katikati ya Juni, na siku tatu nilikuwa naamka kabla ya saa moja kuhakikisha zimeondoka zote.

MySQL yenyewe ndo ilitutoa jasho. Tuliichukua kopi ya bakapu, tukaipandisha 8.0 pembeni, tukaelekeza mfumo huko, ukurasa wa vikundi ukakataa kufunguka. Kumbe kwenye 8.0 neno GROUPS limekuwa neno la mfumo wenyewe, huwezi kulitumia hivihivi kama jina la jedwali. Na sisi jedwali letu la vikundi vya akiba linaitwa nini? groups. Moyo wa mfumo mzima huo, kila mwanachama yuko kwenye kikundi. Kikaguzi cha MySQL Shell kililitaja hilo jina la jedwali vizuri tu, ila hakiwezi kuona code yetu ya PHP, kwa hiyo tulitafuta sisi wenyewe faili kwa faili, sehemu 61, tukalifunga hilo neno kwenye alama za kunukuu za MySQL (`groups`) moja moja. Tuliapgredi Jumamosi usiku ya mwisho wa Aprili, tukala kikomando (chapati na maharage) hapo chini saa saba usiku, saa kumi na moja alfajiri mfumo umesimama. Bili ya Mei haikuwa na ile laini, madam alipitisha rula hadi chini akaniinulia kidole gumba.

Saa hizi naandika ni Septemba 2025, na MySQL 8.0 nayo Oracle wanaifunga Aprili 2026. Kwenye tivii inasoma siku mia mbili na ushei, hata alati ya 180 haijafika, lakini tumepanga kuhamia 8.4 wiki ya tatu ya Oktoba kwa sababu hapo wazazi wameshalipa ada na Krismasi bado. Madam ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda yake ya ukutani, mwezi uleule wenye tarehe 15 yake ya NSSF na PAYE. Jana aliniuliza kama kopi ya majaribio ishasimama. Bado. Naisimamisha kesho asubuhi, nimeshamuahidi.