Rangi za Hurricane, Kutoka Malindi

Mwaka 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu hapa Malindi, na mwaka huohuo ndege za kivita aina ya Hurricane Mk I, zikirushwa na marubani wa Afrika Kusini, zilikuwa Kenya kupambana na Waitalia. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kujifunza kutengeneza skini, yaani picha bapa ambayo simuleta ya urubani (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege) huivisha umbo la ndege, nilianza na Hurricane.

Kazi hufanyika katika GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, juu ya picha ya pikseli 4096 kwa 4096, ambamo mabawa, ubavu na mkia vimetandazwa mbalimbali kama vipande vya kanzu ambavyo fundi bado hajavishona. Baka la kijani linalotoka ubavuni kuingia bawani lazima likutane sawasawa penye mshono, na kulipatanisha huko huchukua jioni nzima. Hilo ni suala la subira tu. Ugumu hasa uko katika kuzisoma picha za zamani.

Picha niliyoitegemea ilionyesha alama ya duara ubavuni: ukingo mwembamba mweusi, kisha pete iliyopauka, kisha nyeupe, na katikati weusi. Nikaupaka ukingo buluu iliyokoza na pete ya pili samawati, nikaridhika. Siku chache baadaye nilimwonyesha mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye kwa miaka mingi alikuwa na studio ya picha, naye aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Mwanangu, filamu nyingi za zamani hazikuwa na macho ya nyekundu. Unadhani kwa nini kwenye chumba cha giza tuliwasha taa nyekundu?" Akanieleza kwamba katika filamu za namna hiyo nyekundu hutoka nyeusi, manjano nayo hutoka nzito, ilhali buluu hupauka. Basi ule ukingo "mweusi" ulikuwa wa manjano, ule ambao Waingereza waliagiza uongezwe kwenye alama za ubavuni mwezi Mei 1940. Pete iliyopauka ndiyo iliyokuwa buluu, na kitovu kilikuwa chekundu. Nilifuta tabaka zima nikaanza upya, na tangu siku hiyo siamini weusi wa picha yoyote kabla sijajiuliza filamu yake iliona nini.

Uchakavu nao una sababu zake, na hapa ndipo skini nyingi ninazoziona zinapokosea. Watengenezaji hutawanya mikwaruzo ya fedha kila mahali, ilhali sehemu ya nyuma ya mwili wa Hurricane ilikuwa kitambaa kilichowambwa juu ya mbao, na kitambaa hakichubuki kikang'aa kama bati. Mimi hushuka ufukweni kutazama mashua zilizovutwa mchangani: ubao unaotazama jua hupauka, ule ulio chini ya ukingo hubaki na rangi yake, na palipochubuka ni pale tu kamba inaposugua au mguu unapokanyaga. Kwa hiyo nimechubua shina la bawa la kushoto, ambapo rubani alikanyaga akipanda, nikaweka masizi ya injini nyuma ya mabomba ya moshi, na chini ya mabawa michirizi ya baruti inayotoka kwenye matundu ya bunduki nane. Matundu hayo yalizibwa kwa viraka vya kitambaa chekundu ambavyo risasi za kwanza zilivichana. Kwa kuwa ndege yangu imetoka vitani, nimevichora vikiwa vimechanika.

Kimebaki kitu kimoja. Namba ya ndege iliandikwa karibu na mkia, herufi moja na tarakimu nne, na katika picha yangu fundi aliyesimama pale ameziziba tarakimu mbili za mwisho kwa bega lake. Nimeandika zinazoonekana, na penye bega nimepaacha rangi tupu mpaka nipate picha ya pili.