Kwenye korongo la Lancaster, Beinn Eighe

Ndege niliyoifuata Torridon, eneo la milima kaskazini-magharibi mwa Uskoti, ilikuwa Lancaster, ndege ya jeshi la anga la Uingereza, nayo haikuangushwa na adui. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibu miaka sita, na watu wanane waliokuwamo walikuwa mazoezini. Jioni ya tarehe 13 Machi 1951 waliruka kutoka kambi ya jeshi la anga ya Kinloss, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, kwenda kujizoeza kutafuta njia usiku juu ya bahari, kuelekea mwamba wa baharini wa Rockall na visiwa vya Faroe, kisha warudi kambini kulala. Kwenye saa saba na nusu usiku walituma ujumbe wa redio wakiwa baharini, kaskazini ya rasi ya Cape Wrath. Baada ya hapo hawakusikika tena.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Kabla ya kuhamia Inverness, mji wa Uskoti, nilikuwa mgumu, nikibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Anayeifanya kazi ile huwa anajua jambo ambalo mgeni hana haja ya kuliwaza: mtu akiumia au akifa juu, lazima awepo wa kumfuata na kumshusha. Nimekua nikisikia habari za Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi mwezi Mei 1955, ikagonga mlima wetu, wakafa watu 20. Kwa hiyo niliposoma habari za Lancaster hii, swali langu la kwanza halikuwa ilianguka vipi. Nilitaka kujua wale wanane walishushwaje.

Tulikwenda mwezi Juni, mimi na dada mmoja wa Tanga ambaye ni muuguzi. Kutoka Inverness tulipita Garve na Achnasheen, tukafika Kinlochewe, halafu tukaingia kwenye barabara nyembamba ya gari moja, ambayo wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze pembeni. Beinn Eighe, mlima ambao ndege iliugonga, inakaa upande wa kulia ukiwa unaelekea Torridon. Kwa mbali utadhani kileleni kuna theluji hata wakati wa kiangazi, kumbe ni mawe meupe yaliyomomonyoka. Eneo hili lilifanywa hifadhi ya taifa ya viumbe, ya kwanza Uingereza, mwaka uleule wa 1951.

Njia inapanda kati ya milima miwili, Liathach kushoto na Beinn Eighe kulia, ikizunguka nyuma ya mlima polepole. Ni njia nzuri, yenye mawe yaliyopangwa kwa mikono, wala sina mengi ya kuisimulia. Mwishoni unapanda kando ya maporomoko ya maji, na ghafla ziwa liko miguuni pako. Ng'ambo ya ziwa zimesimama nguzo tatu za mwamba, nyekundu chini na nyeupe juu, mimi sijaona ukuta kama ule popote isipokuwa Mawenzi.

Dada alikaa juu ya jiwe akautazama muda mrefu. "Kaka," akasema, "usiku, mawingu, theluji. Wangeuonaje huu?"

"Wasingeuona, dada. Pengine walidhani chini yao bado ni bahari."

Inaaminika upepo mkali wa kaskazini-mashariki uliwasukuma nje ya njia yao. Ndege iligonga karibu kabisa na juu, mita kama tano tu chini ya ukingo. Nimerudia kulisoma jambo hilo na bado linaniuma. Mita tano ni urefu wa mgomba. Kwa injini nne na wanaume wanane wanaoijua kazi yao, kimo kilichopungua ni cha mgomba. Mabaki yakaporomoka kwenye korongo lililo kulia mwa nguzo ya magharibi.

Tulizunguka ziwa, tukapanda kwenye mawe yanayoteleza hadi chini ya korongo. Vyuma vipo. Kuna vipande vya bati la ndege vilivyokunjamana, sehemu za injini, na rafadha iliyopinda yenye kibao kidogo cha kuwakumbuka waliokufa. Rafadha nyingine ilichukuliwa na waokoaji wa Kinloss mwaka 1985, wakaiweka kambini kwao. Hatukugusa kitu. Dada alisoma dua yake, nami nikasali kwa namna yetu.

Nikiwa pale ndipo nilipoelewa kilichowakuta waokoaji. Ndege ilitafutwa kwanza baharini na kwingineko. Kijana mmoja wa Torridon alikuwa ameona mwanga mwekundu upande wa mlima usiku ule. Habari ilipofika kwa wakubwa, ndege ikatumwa kuchungulia, na mabaki yakaonekana. Kikosi cha uokoaji milimani cha Kinloss kikapanda. Vikosi vya namna hiyo vilianzishwa rasmi wakati wa vita, mwaka 1944, lakini wengi wa wale vijana walikuwa askari wa kawaida wa kambini waliojitolea. Mioyo walikuwa nayo. Hawakuwa na vifaa vya barafu vya kutosha wala mafunzo ya kuvitumia, na korongo lilikuwa limejaa theluji na barafu iliyoganda kama kioo. Walijaribu, wakarudi, wakajaribu tena. Makomandoo wa jeshi la majini wenye uzoefu wa milima ya baridi wakaja kuwasaidia kulifikia bodi la ndege. Kuwatoa wote kulichukua majira mawili: mwili wa mwisho ulishushwa mwishoni mwa Agosti.

Tangu Machi hadi Agosti familia zilikuwa zikisubiri maziko. Sitaki kuwalaumu wale vijana hata kidogo. Kumtuma mtu mahali pale bila kumfundisha ni kumdhulumu yeye na anayefuatwa. Lawama zilitolewa waziwazi wakati ule, na zilizaa matunda: jeshi la anga likaanza kuwapa waokoaji wake mafunzo ya kweli ya kupanda kwenye theluji na barafu, na viongozi wa vikosi wakachaguliwa kwa ujuzi wa milima.

Tuliporudi garini nilimtumia picha mdogo wangu, ambaye sasa ni mwongozaji Kilimanjaro. Nilimuuliza angewashusha vipi watu wanane kutoka pale. Alipiga simu badala ya kuandika.

"Kaka, hilo korongo lina nafasi ya machela?"

"Halina."

"Basi ni kamba, toka juu ukingoni. Na barafu ikiwepo, sipeleki mtu ambaye sijamfundisha mwenyewe." Akaniomba nimwandikie kisa chote kwa Kiswahili, awasomee vijana wanaoanza kazi kabla msimu haujafunguliwa.